Mchezo umekwisha, lakini mjane hajatoka nyumbani kwangu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza leso katika duka moja Barabara ya Biashara, Mombasa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nilipewa nafasi kubwa jukwaani. Nilikuwa mjane wa Mji wa Kale anayekataa kuuza nyumba ya marehemu mumewe. Tulifanya mazoezi miezi mitatu, jioni baada ya kazi, katika ukumbi mmoja Tudor. Tukaonyesha mara nne, basi. Usiku wa mwisho tulibomoa mapambo ya jukwaa mbio mbio kwa sababu ukumbi ulikuwa unatakiwa, wa Likoni wakawahi feri, kila mtu akaenda zake. Sasa ni wiki ya tatu na sijielewi. Usingizi hauji mpaka saa nane. Nikikunja leso dukani, midomo inasema maneno ya mjane. Ile leso ya kisutu aliyojifunga mjane bado ninayo, sijaifua. Kila usiku natazama video aliyotuchukulia jamaa mmoja kwa simu, nalia. Mume wangu amenivumilia sana. Yeye ndiye aliyekuwa akiwalaza watoto, hata mchezo wenyewe hakuwahi kuuona. Lakini juzi aliniambia, "Mchezo umekwisha, rudi nyumbani." Halafu akaniuliza kama kuna mtu ninayemkumbuka huko. Hakuna, wallahi. Na mwelekezi ameniita kwa mchezo mwingine, nami naona nikikubali nitakuwa nimemsaliti yule mjane. Je, huu ni ugonjwa? Niache kuigiza?*
*Mama Wawili, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokutia hofu: huna wazimu wala hujarogwa. Unaomboleza. Na maombolezo yako yamekuwa mazito kwa sababu hakuna aliyekupa mkono wa pole, wala wewe mwenyewe hukujua kwamba umefiwa.

"Tukaonyesha mara nne, basi." Hilo neno "basi" nimelisoma mara mbili. London kuna mchezo ulioanza kuonyeshwa 1952 na mpaka leo unaendelea, waigizaji wakipokezana nafasi, na uliposimama kwa muda mrefu ni pale tu korona ilipofunga kumbi. Mwigizaji wa huko anaweza kumchoka mhusika wake, akamwacha kwa hiari. Huku kwetu mnachangishana fedha za ukumbi, mnafanya mazoezi msimu mzima, mnaonyesha Ijumaa, Jumamosi mara mbili, na Jumapili. Ukija kutulia jukwaani, woga umekwisha, umeanza kumjua huyo mtu unayemwigiza, Jumapili imeshafika. Nakuelewa kabisa ukiona umenyang'anywa kitu mkononi.

Tena usidhani ulichopoteza ni maonyesho manne. Ulichopoteza ni jioni za miezi mitatu. Mlikaa kwenye viti vya plastiki mkisoma karatasi kwa kigugumizi, mkaambiwa simameni, mkaambiwa karatasi wekeni chini. Ukajua nani hukohoa kabla ya kuingia na nani husahau neno lile lile kila siku. Ukajua kwamba shemeji akitamka jina la marehemu, wewe unageukia dirishani, na ukaligeukia dirisha hilo mpaka shingo ikageuka yenyewe. Mwili uliofundishwa hivyo haufundishwi kusahau kwa usiku mmoja. Na hiyo midomo yako dukani, mimi nadhani ulikariri maneno yako hapo hapo, ukikunja leso hizo hizo. Ndiyo maana mkono ukigusa kitambaa ulimi unaitika. Uache utaitika mpaka uchoke, usiuzuie. Wateja wa leso wamezoea kusikia maneno.

Usingizi nao una sababu yake. Saa moja na nusu ya usiku mwili wako ulizoea kujiandaa: homoni ya adrenalini inapanda, moyo unakwenda mbio, masikio yanasimama. Mtu aliyetoka kupigiwa makofi saa tatu halali saa nne. Sasa makofi hayapo, lakini saa ile ikifika mwili unajiandaa bado, na haupati pa kwenda. Upe kazi. Baada ya Isha toka utembee, na mume wako kama kuna wa kukaa na watoto. Chai ya rangi ya usiku ipunguze. Na simu ilale chumba kingine, kwa sababu hiyo video nitaisema sasa hivi.

Video si mchezo, mwanangu. Nimeshaziona nyingi za namna hiyo, zilizochukuliwa kutoka safu ya nne. Kichwa cha mtu kimefunika nusu ya jukwaa, taa zimeunguza nyuso zikawa nyeupe tupu, sauti yako inatoka mbali na mtoto wa watu anaomba maji. Unapoitazama unatafuta joto la ule ukumbi, hulipati, unarudia tena. Mpe mtu mwingine wa kikundi akuwekee, uifute kwenye simu yako. Mwakani utaitazama na utacheka.

Sasa nikuulize jambo, na hulazimiki kunijibu mimi. Ulipotakiwa kumlilia mume jukwaani, ulimlilia nani? Mrusi mmoja, Konstantin Stanislavski, aliyeanzisha pamoja na mwenzake ukumbi wa sanaa mjini Moscow mwaka 1898, aliwafundisha waigizaji kuchota hisia kutoka katika kumbukumbu zao wenyewe. Njia hiyo imesambaa duniani, na waelekezi wetu huitumia hata pasipo kumtaja. "Kumbuka siku uliyofiwa," wanakwambia, na wewe unakumbuka. Basi kama ulimchukua baba yako, au bibi yako, ukamlilia kila jioni kwa jina la mume wa mchezo, sehemu ya machozi haya ni yake. Hayo hayatakauka kwa kumsahau mjane. Mtaje marehemu wako kwa jina lake, mwombee, wasimulie watoto habari zake. Mwelekezi aliyekufungulia mlango huo alipaswa kukusaidia kuufunga, na nasema hili kwa waelekezi wote wanaonisoma: mkimtia mtu ndani ya msiba kwa ajili ya kazi, mtoeni kabla hajapanda matatu ya kurudi kwake.

Kumtoa kwenyewe si jambo gumu. Wanaotumia maigizo kutibu watu wana desturi nzuri. Kila kipindi kinapokwisha, mwigizaji huvua vazi la mhusika, hutaja jina lake mwenyewe kwa sauti, kisha husema amefanana naye wapi na ametofautiana naye wapi. Hukuipata nafasi hiyo Tudor, ipate nyumbani. Ichukue hiyo kisutu, uishike, useme. Yeye hana mtoto, mimi ninao wawili. Yeye ana nyumba ya ghorofa Mji wa Kale, mimi napanga Kisauni. Yeye mumewe amekufa, wangu yuko sebuleni. Sema na mliyofanana, maana nina hakika yapo: huenda ukaidi wake ni wako, na huo ubaki nao. Kisha ifue leso, uianike juani, ikikauka ikunje kama unavyozikunja za dukani, uirudishe kwenye sanduku la maleba la kikundi. Isikae kabatini kwako.

Lakini hata hilo halitoshi kulifanya peke yako. Sisi watu wa Pwani hatumwachi mfiwa ajimalizie mwenyewe. Kuna matanga, watu wanalala chini kwenye mikeka, kuna kisomo, kuna arobaini, na mjane ana eda yake ya miezi minne na siku kumi. Hesabu hizi zote zina kazi moja, kumwambia mtu kwamba sasa umeingia na sasa umetoka. Wewe umemwigiza mjane aliyekaa eda mbele ya watu, halafu wewe mwenyewe hukupewa hata saa moja. Mlibomoa kuta za nyumba yake kwa nyundo huku mlinzi wa ukumbi akitikisa funguo! Wenzako nao wanaugua kimya kimya, amini usiamini. Kile kikundi chenu cha WhatsApp kimenyamaza kwa sababu kila mmoja anaona haya kuwa wa kwanza kusema kwamba amekosa la kufanya jioni.

Kuwa wa kwanza wewe. Andika kwamba Jumapili alasiri tunakutana Laitihausi, kila mtu na wake wa nyumbani, tule mihogo ya pilipili na ndimu, tunywe madafu. Waje wote, na yule wa taa, na yule aliyekuwa akikata tiketi. Hapo mpeane mikono mliyokosa kupeana. Kila mmoja aseme kitu kimoja ambacho mwenziwe alikifanya jukwaani na hadhira haikukiona, kwa mfano yule aliyekutupia neno kwa sauti ya chini siku uliposahau. Vitu hivi visiposemwa vinamkaa mtu kifuani. Mkimaliza, mseme kwamba mchezo huu tumeuaga. Uagwe kwa mdomo, mbele ya bahari na watu wote wakisikia.

Habari ya mchezo mwingine, usimjibu mwelekezi kabla ya Jumapili hiyo. Ukishaaga, soma nafasi unayopewa. Ukiipenda, ichukue. Mjane hasalitiwi kwa wewe kufanya kazi yako. Na swali lako la kuacha kuigiza, jibu langu ni usiache. Mwigizaji asiyeumia anapomwacha mhusika sijui alimpa nini. Ila mipaka iko. Usingizi ukiendelea kukimbia baada ya hayo yote, chakula kikakataa kupita, au ukajikuta unaona bora usiwepo, usingoje barua nyingine kwangu. Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili, nenda, na aende mtu nawe.

Nimemweka mume wako mwisho kwa sababu ndiye niliyemfikiria zaidi. Wewe umelisikia swali lake kama tuhuma. Mimi nimelisikia vingine. Hebu kaa mahali pake. Kwa miezi mitatu mtu huyu amewalaza watoto, na bila shaka ulipokuwa ukirudia maneno yako nyumbani, kupitia mlango wa jikoni amemsikia mkewe akimlilia mume aliyekufa. Jioni baada ya jioni umemlilia maiti, ukamsifu, ukaapa kwamba hutamwacha, halafu ukatoka jikoni na kumuuliza kama chumvi imetosha. Hakuna mume hai anayesikia hayo asijiulize kama yeye angeliliwa hivyo. Na sehemu aliyoisikia ni ile tu uliyokuwa ukiirudia kwa sababu ilikuwa ngumu, yaani kilio. Kwamba mjane anacheka katika onyesho la mwisho, au anawafukuza madalali, au anapangisha chumba cha juu, lolote lile, yeye hajui. Ana nusu ya mchezo, nusu mbaya, na amekaa nayo kimya wiki zote hizi akingoja umletee iliyobaki.

Basi mletee. Watoto wapeleke kwa bibi yao jioni moja. Sogeza meza, muweke mumeo kwenye kiti, umchezee mchezo wote, tangu mwanzo, wewe ukiwa mjane na shemeji na dalali na jirani. Kisutu itakuwa imesharudi sandukuni, jifunge leso nyingine yoyote. Utakosea, utachanganya sauti, hapana neno. Ukifika kwenye kilio, lia. Usitazame ukutani wala dirishani, mtazame yeye. Na akikukatiza katikati kuuliza jambo, uache mchezo hapo hapo ulipofika, ukae, umjibu.