Kutoka wodini hadi kitengo cha figo: anza na maji na mizani

Dada, umeuliza: una miaka mitatu wodi ya wanaume hapa Mombasa, wataka kuhamia kitengo cha kusafisha damu, na wenzako wanakwambia ukishajua kudunga fistula (mshipa wa mkono uliounganishwa na ateri kwa upasuaji ili kupokea sindano za mashine) umemaliza. Hujamaliza. Kudunga mkono utazoea. Kazi yenyewe ni maji na mizani, na hayo wodini hukufunzwa.

Mashine hupitisha mililita 500 za dialiseti, yaani maji yenye madini yanayosafisha damu, kwa dakika. Kwa saa nne ni lita 120 kwa mgonjwa mmoja, na kati ya maji hayo na damu yake pana utando mwembamba tu. Sasa mji wetu waujua: mfereji ukikauka huagizwa boza la maji, na boza huenda limejazwa kisimani maji ya chumvi, au mtu kalitia klorini kwa kukisia. Chumvi huzuiwa na utando wa mtambo wa kuchuja. Kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, hupenya utando huo, ndiyo maana kuna mitungi ya makaa mbele yake. Ikiponyoka hapo, chembe nyekundu za damu hupasuka mgonjwa akiwa kitini.

Kwa hiyo kabla ya kila zamu, acha mtambo uzunguke dakika 15, chota maji baada ya mtungi wa kwanza wa makaa, pima klorini yote kwa jumla. Ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, pima baada ya mtungi wa pili. Huko nako ikizidi, haunganishwi mtu, hata benchi liwe limejaa. Kijiti cha kupimia kisome kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa chake. Ukikiwahi, rangi haijakolea, nawe utaandika maji ni salama.

Mizani nayo: kilo moja iliyozidi uzani mkavu (uzani wa mgonjwa asipokuwa na maji ya ziada) ni kama lita moja ya maji. Wa kilo 60 akija na 63.5, una lita 3.5 za kutoa, ongeza mililita 300 hivi za kurudishia damu mwishoni. Kikomo wengi wetu tunachoshika ni mililita 13 kwa kilo kwa saa: 780 kwa saa, yaani lita 3.12 kwa saa nne. Hazitoshi. Ongeza muda au mpange siku ya ziada. Ukizilazimisha, ataanza kupiga miayo (watu huidharau sana dalili hii), kisha jasho, kisha misuli ya miguu ikaze. Simamisha uvutaji wa maji, mlaze, inua miguu, mpe salaini mililita 100 hadi 200, pima presha upya.

Mwezi wa Ramadhani na Idi ongeza macho. Tende na madafu ni potasiamu tupu, madini ambayo figo mbovu hazitoi na yakizidi huvuruga moyo, na mgonjwa hatakwambia usipomuuliza kwa jina: "Mzee, jana madafu mangapi?" Akija miguu imelegea, piga kipimo cha umeme wa moyo, mwite daktari, na asikae foleni.

Fistula nitapita haraka. Gusa usikie mtetemo, weka stetoskopu usikie mvumo, kila siku. Sindano ya ateri, ile inayotoa damu kwenda mashineni, ikae angalau sentimita 3 kutoka kwenye mshono wa ateri na mshipa, na usirudie tundu la juzi. Mkono huo haupimwi presha wala hautolewi damu.

Kuhusu karatasi: njia ni diploma ya juu ya uuguzi wa figo, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wanayo. Leseni yako iwe hai, na ukihitimu sajili utaalamu wako kwa Baraza la Wauguzi, maana cheti kikikaa kabatini bado waandikwa muuguzi wa kawaida. Ukiwa wa kaunti, pata ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla hujalipa ada, na usome kipengele cha miaka utakayodaiwa kutumikia ukirudi. Kabla ya hayo yote, mwombe msimamizi wa kitengo akuruhusu kuingia asubuhi moja, chumba cha maji, si chumba cha mashine.