Jibu: Kuwinda kwa upinde Texas wikendi, nianzie wapi?
Mkuu umeuliza kama ukiwa na upinde tu unaweza kuungana na washkaji porini Texas, jibu ni hapana, kwanza leseni, na kama umezaliwa kuanzia Septemba 2, 1971 unatakiwa uwe na cheti cha kozi ya uwindaji. Halafu ardhi nyingi kule ni ya watu binafsi so ruhusa ya mwenye shamba muitafute mapema.

Sisi tulienda wanne mwezi wa kumi, tukapiga tenti, usiku tukaota moto na stori mpaka saa saba, hapo ndo tuliharibu, asubuhi nguo zote zinanuka moshi na wale kulungu wa mkia mweupe tuliokuwa tunawawinda wana pua balaa, akiwa tu kule upepo unakoelekea umekwisha. Nguo za kuwindia fungia kwenye mfuko mbali na moto.

Na usijifanye komando, kama mazoezini unalenga vizuri yadi 20 basi na porini ni hizo hizo. Ukimpiga tulia kama nusu saa, ukimkimbiza anaenda kufia mbali huko. Mi nilirudi mikono mitupu, ugali tukala na maharage ya kopo 😂