Tangi la plastiki la pikipiki limetoa ufa: gluu, kuchomelea au kutupa?

SWALI: Assalam alaikum fundi. Mimi niko Mokowe, nina KTM 450 EXC ya kabureta niliuziwa na mzungu mmoja alokuwa akifunga nyumba yake hapo Malindi. Tangi ni lile la plastiki jeupe. Limetoa ufa pale linapofungwa na boliti chini ya siti, nikijaza mafuta yanatoka jasho mpaka siti inanuka. Nilipaka Araldite, ikashika siku kidogo ikabanduka yote kipande kimoja. Fundi wa huku asema tuchomelee na chuma cha soldaringi, mwengine asema nitupe niweke tangi la Boxer. Nifanyeje, na je naweza kukuletea kwa basi?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Araldite kubanduka si kwamba uliuziwa feki. Matangi haya mengi ni ya polithini ngumu, ile HDPE, na polithini haishikani na gluu za dukani, Araldite, supagluu, supagluu na baking soda, silikoni, zote hizo zakaa juu kama maji juu ya jani la yugwa. Tena silikoni ndo balaa kabisa manake petroli inaifurisha inakuwa lojolojo, vipande vinaingia ndani ya tangi vinashuka kwa koki vinaenda kuziba jeti za kabureta, vile vitundu vidogo vya kupitishia mafuta, sasa mtu aanza kutafuta ugonjwa wa injini, abadilisha plagi, afungua vali, kumbe ni ile gluu yake mwenyewe. Kwa hivyo gluu isahau.

Ukiwa njiani huko Witu au Garsen na mafuta yadondoka, chukua sabuni ya mche, ile ngumu ya kufulia, futa tangi likauke kisha uisugue hio sabuni juu ya ufa mpaka iingie ndani yake. Petroli haiyeyushi sabuni ndo maana inaziba. Maji ndo yanaiyeyusha, ikipigwa mvua imekwisha. Hio ni ya kukufikisha nyumbani, si ya kuishi nayo, na nawajua watu wanaishi nayo.

Kabla hujachoma chochote hakikisha kwanza kama kweli ni ufa, na umeishia wapi. Matangi ya plastiki yana tabia ya kupitisha mvuke kidogo kidogo kwenye ukuta wake, ndo maana stika zinafura mapovu, kwa hivyo harufu peke yake si ushahidi. Futa tangi likauke kabisa, nyunyiza poda ya mtoto pale penye wasiwasi, ngoja. Ufa ukiwa upo utachora mstari wa majimaji kwenye ile poda na utaona mwanzo wake na mwisho wake, na mwisho mara nyingi uko mbali kuliko vile jicho lilivyokuwa likikwambia.

Mahali pa ufa ndo pananiamulia mimi. Ukiwa kwenye sikio la boliti kama lako, au ubavuni, unatengenezeka na tangi linaishi. Ukiwa umezunguka koki ya mafuta, au ile nati ya shaba iliyozikwa ndani ya plastiki, mimi sigusi, manake shaba na plastiki hazitanuki sawa kwenye joto, utachomelea leo, kesho utafunguka pembeni ya pale ulipochoma, na chini ya hapo kuna injini ya moto. Hilo tafuta jingine.

Sasa aina ya plastiki. Geuza tangi utafute alama iliyobonyezwa, ukiona PE-HD au namba 2 kwenye pembetatu, sawa, hio ndo HDPE, yachomeka. Ukiona PA6 hio ni nailoni, yataka kijiti cha nailoni na mkono mwengine. Hakuna alama? Kwangua unyoya mdogo wa plastiki pembeni ya sikio kwa kisu, utumbukize kwenye gilasi ya maji, polithini inaelea nailoni inazama. Halafu huo unyoya upeleke mbali na tangi uguse na chuma cha moto, HDPE inayeyuka inavutika uzi na inanuka mshumaa. Kuna aina ya tatu ndo inayowatesa mafundi, XLPE, polithini iliyofungwafungwa ndani kwa ndani, haiyeyuki ikawa uji, inalainika tu kama raba. Matangi makubwa ya safari ndefu ya kampuni kama IMS ndo hayo, na huyo mzungu huenda alibadilisha, hawa watu wa enduro, mbio za pikipiki za porini, wapenda tangi kubwa. XLPE ukichomelea utaona pameshika vizuri na pamependeza, lakini ni juu juu tu, mtetemo ukianza panaachia.

Tuchukulie ni HDPE. Hapa nisikilize vizuri kuliko pote, manake vijana wengi wadhani tangi likiwa tupu ndo salama. Tupu ndo bomu. Petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi ya kugandisha, na mvuke huo ukifika kama asilimia 1.4 ya hewa mpaka 7.6 hivi unalipuka, na tangi lililomwagwa likabaki na matone ndo laingia hapo hapo. Mwaga mafuta, toa koki, osha na maji moto na sabuni ya unga, tikisa, mwaga, rudia mpaka maji yatoke hayanuki. Kisha liache wazi kivulini penye upepo siku kadhaa, huku pwani kusi ikivuma ni dawa nzuri. Hata hapo jua kwamba plastiki imekunywa petroli ndani ya ukuta wake, ukiipasha moto inaitema tena, kwa hivyo siku ya kazi lilaze tangi ufa ukae juu kabisa, lijaze maji mpaka karibu na ufa ili nafasi ya mvuke isiwepo, fanya nje, simama upepo ukitokea nyuma yako, na jiko la mkaa la mama chapati likae mtaa wa pili.

Soldaringi yafaa, fundi wako hajakosea, ila asitumie kile cha moto mkali. HDPE inayeyuka kwenye digrii 130 hivi, chuma kikiwa kikali plastiki inatoa moshi na kugeuka kahawia na hapo imeshakufa. Toboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa, drili ya milimita 3, usipofanya hivyo ufa utaendelea kutembea chini ya kazi yako. Chonga mtaro wa V kufuata ufa kama theluthi mbili ya unene, kwangua ngozi ya juu pande zote mpaka utoke weupe mpya. Kijiti cha kujazia kata kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia wenye namba 2, uoshe hasa usibaki mafuta, usichukue chupa ya maji ya kunywa hio ni plastiki nyengine kabisa.

Kinachowashinda wengi ni kwamba wayeyusha kijiti wakidondoshea juu ya tangi baridi. Tangi lenyewe lazima liyeyuke kwanza. Angalia kwa karibu, ile plastiki nyeupe yenye ukungu ikiyeyuka kweli inageuka inang'aa, unaona ndani yake kama kioo, hapo ndo unaingiza kijiti nacho kiwe kimeng'aa, unazikoroga pamoja taratibu kwa ncha ya chuma, unasogea mbele kidogo, tena na tena, tabaka juu ya tabaka mpaka pazidi ukuta kidogo. Kisha acha, usipoze kwa maji, ikipoa haraka inavutana na kupasuka upya. Wengine wanazika wavu wa waya ndani, sikatai, lakini uwe stenlesi, huku kwetu na hii chumvi ya bahari waya wa kawaida unakula kutu unaanza kuipasua plastiki kutoka ndani.

Kujaribu ni kwa mdomo. Ziba koki na matundu yote, puliza kwa mpira, paka povu la sabuni uone kama laota mapovu. Usiende kwa watu wa pancha na kompresa, watakupasulia tangi zima kwa sekunde. Likifaulu weka petroli lilale nje usiku mzima na ile poda juu.

Halafu hujaniambia kwa nini lilipasuka, na mimi nashuku ni boliti. Pale kwenye sikio huwa kuna raba na kibomba kidogo cha chuma ndani yake, boliti inabana kile kibomba na tangi linabaki likicheza kidogo kwenye raba. Vikipotea, fundi anabana plastiki yenyewe mpaka spana igome, na kazi imekwisha. Kitafute hicho kibomba au chongesha kingine kwa fundi wa leth, ile mashine ya kuchongea chuma, raba mpya, boliti ibanwe kiasi tu. Na angalia ule mpira wa kupumulia unaotoka kwenye mfuniko, ukizibwa na tope tangi linafura juani mchana kutwa, sikio linavutwa. Usijaze mpaka juu ukaacha pikipiki kwenye jua la saa saba pale jeti ya mashua.

Tangi la Boxer laweza kukaa, nimeona watu wamefanya, lakini ni la chuma, zito, sura nyengine, lataka kukatwa na kuweldiwa mashikio mapya kwenye fremu, na siti haitakaa vile ilivyokuwa. Kwa KTM mimi ningelifanya hilo mwisho kabisa, ufa ukiwa kwenye koki au tangi likiwa XLPE na la kununua halipatikani.

Kuniletea huku Malindi kwa basi waweza, likiwa limeoshwa na kukauka, mfuniko wazi, koki imetolewa, na umwambie kondakta ni tangi la petroli tupu asilifungie kwenye buti na mizigo ya watu. Likiwa bado lanuka usilipandishe. Wenye mashua huko Lamu, yale matangi mekundu ya injini za boti mengi nayo ni HDPE, mambo ni hayo hayo, ila ufa ukiwa pale mpira unapochomekwa nunueni tangi jipya.