Uhandisi wa umeme na kufundisha mashine

Dada yangu, unauliza kama mwanao anayesoma uhandisi wa umeme amepotea njia, maana moyo wake uko kwenye kufundisha mashine, yaani kuifanya kompyuta ijifunze kutokana na mifano. Hajapotea hata kidogo! Mtazame Bernard Widrow, aliyekuwa profesa wa uhandisi wa umeme pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1960 yeye na mwanafunzi wake Ted Hoff walichapisha kanuni iitwayo LMS (least mean squares, yaani kupunguza wastani wa miraba ya makosa): kichujio, yaani saketi au programu ya kusafisha mawimbi kama ya sauti, kinatoa jibu, kinapima kimekosea kiasi gani, kinajirekebisha kidogo, kisha kinarudia tena na tena. Ukiwa hapa Ngamiani, Tanga, ukampigia simu ndugu yako aliye Muscat na sauti yako isikurudie sikioni kama mwangwi, ni kazi ya vichujio vya aina hiyo. Na mitandao ya neva ya leo, yaani programu zilizobuniwa kwa kuiga seli za ubongo, inafunzwa kwa wazo lilelile la kusahihishwa na kosa.

Asiyakimbie matrisi (hesabu za majedwali ya namba) na nadharia ya uwezekano, hapo ndipo wengi huachia. Likizo hii arekodi sauti yake ufukweni Raskazone, upepo wa bahari ukivuma, kisha ajaribu kuuchuja ule mvumo kwa programu aliyoiandika mwenyewe.