Maswali na majibu: Siku saba za kwanza za mtoto

SWALI: Mtoto wangu ana siku nne. Tangu jana amekataa kunyonya, analala tu. Nimpe maji ya glukosi? – Mama, Kayole

Hospitali, sasa hivi. Maswali ya namna hii hayangoji majibu ya safu hii, na bado nayapokea kila mara. Mtoto mchanga akikataa kunyonya, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea, joto likifika 37.5, mwili ukipoa au nyayo zikiwa za manjano, ondoka naye hata kama ni usiku wa manane. Dalili moja inatosha.

SWALI: Mama mkwe amekuja kutoka mashambani na anataka kitovu kipakwe majivu. Nimkatalie vipi? – Pipeline

Kwa adabu, lakini umkatalie. Si majivu, si samli, si dawa ya meno, si kinyesi cha ng'ombe, hata kama mumeo alipakwa na akakua. Kitovu kikae kikavu, nepi ifungwe chini yake. Mkipewa jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye zahanati, ni ya kitovu peke yake. Kuna watoto waliotiwa machoni kwa kudhaniwa ni dawa ya macho, wakaumia vibaya. Iwekeni mbali na chupa nyingine.

SWALI: Nasikia huko kwetu Turkana wahudumu wa afya ya jamii wanapita boma kwa boma. Si heri pesa hizo zijenge hospitali? – Embakasi

Mwaka 2014, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya Kenya (KDHS) ulionyesha watoto 22 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza mwezi. Ule wa 2022 ulionyesha 21. Miaka minane, na hesabu imeshuka kwa mtoto mmoja, ingawa kujifungua katika hospitali za umma kulifanywa bure tangu 2013 na utepe ulikatwa kwenye majengo chungu nzima. Lengo la Umoja wa Mataifa la 2030 ni 12.

Kama robo tatu ya vifo hivi hutokea wiki ya kwanza. Wiki hiyo mama wa Turkana yuko wapi? Nyumbani. Ameruhusiwa mapema, au hakufika hospitali kabisa, na miadi anayoikumbuka ni ya chanjo ya wiki ya sita.

Huko Gadchiroli, India, madaktari Abhay na Rani Bang waliwafundisha wanawake wa vijijini kumtembelea mchanga, kumpima, kumkinga na baridi, kumsaidia asiyepumua, hata kumdunga antibiotiki. Matokeo yao ya 1999 yalionyesha vifo vya wachanga vimepungua kwa asilimia 62. Mwaka 2009 WHO na UNICEF zikapendekeza mtoto atembelewe ndani ya saa 24, tena siku ya tatu, na ikiwezekana kabla wiki haijaisha.

Sisi tulizindua wahudumu zaidi ya 100,000 pale Uhuru Park, Septemba 2023, kila mmoja na mkoba wake. Posho iliyoahidiwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Toa nauli ya boda uone kinachobaki. Hospitali zijengwe, ndiyo, kwa sababu mhudumu akiona hatari lazima awe na pa kumpeleka mtoto. Ila mwakilishi wadi wenu akija kuomba kura, muulizeni mhudumu wa kijiji alilipwa lini mara ya mwisho, na kama kipimajoto chake kina betri.

SWALI: Mjukuu wangu ana kilo 1.9 na ameruhusiwa. Ninunue hita? – Nyanya, Dagoretti

Weka pesa zako, nyanya. Na jiko la makaa lisiingie chumbani, hewa yake inaua watu wakiwa usingizini. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi, afungwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku. Mbinu hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, miaka ya 1970, kwenye hospitali iliyokuwa na uhaba wa mashine za kuwapa watoto joto. Mama akichoka, baba naye ana kifua. Uzito usipopanda, arudishwe kliniki.

SWALI: Wakunga wa jadi wapigwe marufuku? – Rongai

Kuzalisha waache. Kumsindikiza mama hospitali waendelee, na walipwe kwa hilo.

SWALI: Mchanga aogeshwe lini?

Baada ya saa 24. Wageni wa kumbeba nao wasubiri, hata wakija na uji.