Kinakata, Lakini Hakijapata

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kisu cha kukunja kikitoka dukani ndani ya boksi lake, kinakuwa kikali vya kutosha, au lazima kinolewe kwanza? Mimi ni fundi makochi, kijiwe changu kiko Keko, Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa kumi na nne mfukoni sikosi kisu. Nitajibu kwa lugha ya kijiweni kwetu: kisu kipya kinakata, ila mara nyingi hakijapata.

Kwa asiyekaa na mafundi, kukata na kupata ni vitu viwili. Kisu chochote kinakata ukikaza mkono. Kinachopata ni kile unachokilaza juu ya sponji ya inchi nne, ukakivuta bila kukandamiza, sponji ikaachana imenyooka kama mkate wa boflo. Kisichopata kinaisukuma, inajikunja, inanyofoka mapande mapande, na kochi likishavalishwa kitambaa mteja anaona bonde. Wanaojaribia kisu kwenye gazeti nawaheshimu, lakini gazeti lina huruma. Sponji haina.

Mwaka juzi nilinunua visu viwili pacha Kariakoo, duka moja, siku moja, chapa siitaji. Kimoja changu, kingine cha kijana ninayemfundisha kazi. Chake kilinyoa vinyweleo vya mkono palepale kaunta, hadi muuzaji akacheka. Changu kilichana gazeti kama mtoto anayegombania daftari. Njia nzima kwenye daladala ananitania, "Bosi, wewe umeuziwa mgonjwa." Usiku ule nikakaa nacho, nikakinoa. Siku ya tatu kijana akaja kimya kimya kuniazima. Chake kilikuwa kimekufa, hata leza ya kuvalishia makochi hakiingii.

Alichokuwa nacho dukani hakikuwa makali, ulikuwa uzi. Kisu kikisagwa upande mmoja, chuma kinasukumwa kuelekea upande wa pili na kubaki ukingoni kama unyuzi mwembamba usioonekana kwa macho. Ukipitisha kidole gumba taratibu kutoka mgongo wa kisu kwenda nje (kwenda nje, si kufuata makali, tusilaumiane), unausikia unakwaruza upande mmoja tu. Uzi huo unanyoa kweli. Lakini haujashika popote. Ukigusa kitu kigumu mara chache unalala au unakatika, na chini yake unakuta butu. Nikisikia mtu anasema kisu chake "kilikuwa wembe wiki ya kwanza," mimi moyoni nasema, ndugu yangu, ulikuwa unakatia uzi.

Wa kulaumiwa si chuma. Kiwandani bapa la kisu huchomwa, likapozwa ghafla ili liwe gumu, halafu likapashwa tena kwa moto mdogo lisije likavunjika kama kioo. Makali huja mwishoni, kwenye mkanda wa msasa au jiwe linalozunguka kwa kasi, na kisu kimoja hakikai hapo muda mrefu. Mkanda ukichakaa, au mkono wa mtu ukichoka, cha asubuhi na cha jioni havifanani ingawa vimetoka kwenye chuma kimoja. Kwa hiyo makali ya dukani yanakwambia habari za zile sekunde za mwisho. Ubora wa kisu wenyewe hayakwambii.

Kule Sheffield, Uingereza, kuna mashine ya CATRA, taasisi ya utafiti wa visu na vifaa vya kukatia, inayopima jambo hili, nayo haitoi jibu moja. Inakipitisha kisu mbele na nyuma kwenye tabaka za karatasi ngumu iliyochanganywa na mchanga laini, kisha inapima kina cha mkato. Mizunguko mitatu ya mwanzo inasema kisu ni kikali kiasi gani. Mizunguko 60 inasema kinadumu kiasi gani. Kijana wangu alikuwa amepima ile mitatu tu, tena mkononi kwake.

Wenye majina makubwa je? Ninacho kimoja cha Victorinox, kampuni ya Uswisi iliyoanza 1884, nilipewa na mteja aliyefurahia kochi lake. Kilikuja kinapata. Nyanya kiliikata bila kuiponda, na uzi sikuusikia. Chuma chake kina ugumu wa 56 kwa kipimo cha Rockwell, wakati visu vya bei kali hupita 60, kwa hiyo kinawahi kuchoka lakini kinanoleka haraka, jambo ambalo kwa fundi ni neema. Opinel ya Ufaransa, ile ya mpini wa mbao, ina aina mbili: chuma cha kaboni na chuma kisichoshika kutu kirahisi. Ya kaboni ni tamu kunoa, ila mkazi wa Dar afikirie mara mbili. Kutu ikianza, sehemu nyembamba ndiyo inayoumia kwanza, na sehemu nyembamba kuliko zote ni makali. Kisu kinaweza kutoka Ulaya kinanyoa, kikakaa kwenye kabati la duka karibu na bahari masika mawili, ukakinunua wewe kimeshaliwa. Hapo kiwanda unakilaumu bure.

Pale barabarani kwetu kuna mzee anauza machungwa. Kisu chake kimenolewa hadi kimebaki chembamba kama ukuti, na ganda linatoka uzi mmoja mrefu, weupe wa chungwa haujaguswa. Siku moja nikamkuta ana kisu kipya, hajamenya hata chungwa moja, anakisugua kwenye kinoo.

"Shikamoo mzee. Mbona kipya unakinoa?"

"Marahaba. Huyu hajanijua bado."

Na mimi nakinoa kipya siku hiyohiyo. Ukingoni napaka wino wa maka peni, kila upande. Nabandika msasa wa maji namba 1000 juu ya kipande cha kioo, nalowanisha, nakilaza kisu karibu na bapa na kuvuta mara moja. Naangalia wino umefutika wapi. Ukifutika juu tu, nimelaza mno. Ukifutika ukingoni tu, nimeinua mno. Mwinamo wa nyuzi 15 hadi 20 za pembe kila upande unatosha, ingawa mkono ukishazoea hauulizi pembe. Navuta pande zote mbili kwa zamu, mkono unazidi kuwa mwepesi, mpaka uzi usisikike upande wowote. Namalizia kwenye mkanda wa zamani wa ngozi, nikikirudisha kisu kinyumenyume. Dakika kumi, kumi na tano.

Msikimbilie jiwe la baiskeli kwa kisu chembamba. Niliwahi kumpelekea fundi kimoja, tena mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia akaze. Cheche ziliruka vizuri sana. Nilipokipokea, ncha ilikuwa imegeuka buluu kama shingo ya njiwa. Chuma cha kawaida kikifika rangi hiyo kimepita nyuzijoto 290 hivi, na ule ugumu wa kiwandani umeshaondoka. Nilikila kwenye msasa karibu milimita mbili kabla ya kukutana tena na chuma kizima.

Mwezi uliopita kijana wangu alinunua kisu kingine. Safari hii hakujinyoa mkono dukani. Alifika nacho kijiweni kingali kwenye nailoni yake, akakaa kwenye benchi, akaniomba maka peni.