Kabla ya kununua betri mpya ya PSP, iwashe bila betri

PSP, ile mashine ya Sony ya kuchezea gemu mkononi, ikigoma kuwaka, usikimbilie mjini kutafuta betri. Fungua kava la nyuma, toa betri iliyomo, chomeka chaja ukutani, kisha sukuma swichi ya kuwashia. PSP za toleo la 1000, 2000 na 3000 zinafanya kazi kwa chaja peke yake, betri ikiwa pembeni. Jaribio hili ni la bure, na mafundi wengi niliokutana nao hapa Arusha hawalifanyi kabla ya kukutajia bei.

Ikiwaka, chaja ni nzima, tundu la chaji linapitisha umeme na mashine yenyewe haina neno. Anayebaki kushukiwa ni betri. Isipowaka, betri mpya haitakusaidia. Anza na chaja.

Nalisisitiza hili kwa sababu inaniuma kuona mzazi ananunua betri ya pili, tena kwa hela ya kubana, wakati ugonjwa uko kwenye chaja. Chaja ya PSP inatoa volti 5. Ncha yake ni ya duara, na nyumbani kuna chaja nyingine zenye ncha za kufanana nayo: za ruta, za redio, za taa za sola. Ukichomeka ya volti 9 au 12, fyuzi ndogo iliyoko kwenye bodi inaweza kuungua, na baada ya hapo hata ukirudisha chaja sahihi PSP haitachaji. Kwa hiyo soma maandishi ya kwenye chaja kila mara, na kama kuna fundi jirani mwenye multimita, mwombe aipime. Ikisoma karibu na 5, iko sawa. Umeme nao unaua chaja, hasa ule unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa, subiri utulie ndipo uchomeke tena.

Tundu la chaji hulegea watoto wanapocheza huku waya umechomekwa na kuvutwa huku na kule. Utaona taa ya rangi ya chungwa inawaka ukiukunja waya upande mmoja, ukiuachia inazimika. Hiyo ni kazi ya kuunga upya kwa risasi, na fundi simu mwenye mkono mtulivu anaiweza. Na kiangazi, vumbi letu likishaingia kila mahali, angalia vile vibati vya shaba ambako betri inagusana na mashine. Vipanguse kwa kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, uache vikauke kabisa. Kuna PSP zinapona hapo hapo.

Sasa betri yenyewe. Ilaze juu ya meza tambarare uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, au kama kava lilishaanza kukataa kufunga, imevimba. Hapo sina mjadala na mtu: usiichaji tena hata mara moja. Kilichoivimbisha ni gesi iliyotokana na kemikali za ndani kuharibika, na fundi anayesema ataitoboa "itoe hewa" anakuletea moto mezani. Ichukue uondoke nayo. Nyumbani iweke nje, mbali na watoto, kwenye kopo lenye mchanga mkavu, na kamwe isiende kwenye shimo la taka mnalochoma moto.

Kama haijavimba ila inaisha upesi, angalia kwanza namna inavyozimwa. Mpwa wangu aliniambia, "Anko, mimi huwa naizima kila usiku, lakini asubuhi chaji imepungua." Alikuwa anaisukuma swichi na kuiachia, na hivyo PSP inalala tu, inaendelea kula chaji kidogo kidogo. Kuizima kabisa, shikilia swichi kwa sekunde zaidi ya 3. Zima pia swichi ya Wi-Fi kama huitumii, na punguza mwanga wa kioo. Gemu ya diski ya UMD inakula chaji kuliko iliyoko kwenye memori kadi, kwa sababu kuna mota inayoizungusha diski.

Ukishajiridhisha kwamba betri ndiyo mgonjwa, nunua kwa macho. Sony iliacha kutengeneza PSP mwaka 2014, kwa hiyo ukiambiwa "orijino mpya", ama imekaa stoo miaka mingi ama ni kopi. Kopi si dhambi, nyingine zinadumu vizuri. Ninachokataa ni namba za uongo. Betri ya Sony ya PSP 1000 ilikuwa na mAh 1800 (mAh ni kipimo cha chaji inayoingia kwenye betri), na ile nyembamba ya 2000 na 3000 ilikuwa na 1200. Ukikuta nyembamba imeandikwa 3600, jiulize chaji mara tatu imeingia wapi kwenye umbo lile lile. Ipime mkononi pamoja na ya zamani. Ikiwa nyepesi sana, irudishe kwa muuzaji. Na usichukue ile nene ya 1000 kwa ajili ya 2000 au 3000, maana kava halitafunga.

Kwa wenye watoto wa bweni, ambao PSP inabaki kabatini muhula mzima: ichaji hadi karibu nusu, toa betri, ihifadhi mahali pakavu pasipo na joto. Betri ya litiamu ikiachwa tupu kwa miezi inaendelea kushuka hadi isikubali chaji tena, na ikiachwa imejaa pomoni inazeeka haraka. Siku ya kuirudisha, PSP inaweza kukuomba uweke tarehe na saa upya. Ziweke tu, gemu zilizohifadhiwa kwenye memori kadi hazijaguswa.